Karani wa Mbao

Kwanza huja jino moja.
Dogo, pembeni mwa jicho la kushoto,
linang'aa kama chuma kilichotoka kunolewa.
Kisha la pili, kisha msumeno mzima
unazunguka kimya hewani mbele ya Bwana Chengula,
na nusu ya uso wake imekwisha pasuliwa
naye hajui, anaendelea kunisomea:
mbili kwa nne, vipande sitini;
moja kwa nane, ishirini na tatu.

Naandika. Nina dakika ishirini
kabla hakijapanda.

Aliyekuita kipandauso alikujua.
Hakukuita kiumauso, wala kivunjauso.
Unapanda. Unakanyaga shingo,
unashika tawi nyuma ya sikio,
na ukifika kwenye nyusi unakaa
kama mtu aliyefika kwake.

"Kichwa tu?" aliuliza Chengula mwaka wa kwanza.
"Sote tuna vichwa, Ledina."
Mama mkwe akaleta majani kutoka Kibengu,
nikafukizwa chini ya blanketi, nikayatapikia.
Shemeji akasema ni shetani wa ukoo wetu.
Ukoo wetu ukasema ni wa kwao.
Kanisani waliniwekea mikono,
mikono ya watu wapole waliotoka kuchoma mkaa,
na ile harufu ya moshi ndiyo iliyonimaliza.

Ni tabibu kijana, koti lake halina kifungo,
aliyeniuliza nafanya kazi gani.
"Karani? Basi pima na hiki."
Akanipa daftari.

*Machi 4. Mvua hadi saa nne, kisha jua ghafla juu ya mabati. Kushoto. Masaa tisa.*
*Machi 13. Sikula mchana. Lori lilikaa likinguruma dirishani.*
*Machi 19. Ulanzi, kikombe kimoja, arusi ya kina Kihongosi. Kosa langu.*
*Machi 20. Bado.*
*Machi 27. Nililala vizuri, nilikula, nilikunywa maji. Sijui.*

Nalala nyuma ya blanketi lililogongomewa dirishani,
khanga mbichi kwenye paji.
Nje, Tulizo anavua buti kizingitini.
Ana miaka sita na anajua kufunga mlango
bila mlango kujua.
Nahesabu mizani nilivyofunzwa shuleni,
nane huku, nane kule, ili nisihesabu mapigo:

    We mgeni wa usoni, hodi hukupiga kwangu,
    umepanda hadi ndani, umelala mto wangu,
    kodi hulipi nyumbani, wala huli, wala hu—

Beseni.
Tayari amelishika.

Vidonge vimo kwenye kopo la hamira.
Tabibu alisema vikizoewa hugeuka,
huanza kukileta kile vilichotumwa kukifukuza.
Kwa hiyo navyo navihesabu.

Kesho yake dunia huwa imepigwa randa.
Misonobari inasimama mmoja mmoja,
chai ina rangi, sauti zina mwisho.
Naogopa kucheka kwa nguvu.
Kazini nakuta meza yangu imegeuzwa,
dirisha liko mgongoni, mbele yangu ni ukuta.
Hakuna aliyesema ni nani.
Lakini unga wa mbao sakafuni
una alama za buti, namba arobaini na tano,
na Chengula yuko uani, anaikemea mashine
kana kwamba ndiyo iliyoiba kitu.

Leo Aprili 14.
Mistari kumi na moja mitupu.
Sijamwambia mtu.
Tarehe naiandika kwa penseli,
bila kubonyeza,
kisije kikasikia.